Swichi ya Juu

Bathsheba Nyanchoka hakuzaliwa mbishi. Ubishi aliupata kazini, pamoja na kovu la kiganjani na leseni ya fundi wa stima, na kati ya vitu hivyo vitatu ubishi ndio alioutunza vizuri zaidi. Huko Kebirigo anakoishi wanamjua kwa beseni. Fundi mwingine akienda kazini utamwona na mkoba wa vyuma; yeye ana mkoba, halafu nyuma ya pikipiki yake amefunga beseni la plastiki la buluu, lile la kufulia nguo. Vijana wa stendi wamemtania miaka kumi na moja sasa. Humwuliza kama anaenda kuweka stima au kumsaidia mtu kufua. Naye huwajibu wafue midomo yao kwanza, kisha anapiga pikipiki teke na kuondoka zake.

Beseni hilo lilikuwa la Odoyo. Odoyo alikuwa fundi kutoka upande wa ziwa, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliyekuja Suneka kwa kazi ya mwaka mmoja akakaa ishirini. Nyanchoka alimwendea akiwa na cheti cha chuo mkononi, baada ya mafundi wanne wa Kisii mjini kumwambia kwamba kupanda darini si kazi ya msichana. Odoyo hakumwuliza habari za dari. Alimpa kitabu cha kanuni za stima na kumwambia asome kwa sauti, kwa sababu yeye mwenyewe macho yalikuwa yamechoka na miwani hakuitaka. Aliposoma ukurasa mzima bila kukwama, akaambiwa aje kesho.

Kila nyumba ya ngazi ilipokwisha, Odoyo alikuwa na mtindo wake. Alizima taa zote, akatia maji nusu beseni, akampa Nyanchoka alibebe kwa mikono miwili, apande nalo juu kisha ashuke. Swichi ya chini Nyanchoka aliibonyeza kwa kiwiko, akapanda akiona anapokanyaga, akafika juu na kuibonyeza ya pili kwa kiwiko, taa ikazimika. Wakati wa kushuka ilikuwa vivyo hivyo. Mahali popote alipolazimika kuweka beseni chini, au kukanyaga asichokiona, hapo kazi ilikuwa haijaisha. Odoyo alisema swichi huwekwa na watu wenye mikono mitupu, lakini hutumiwa na watu waliobeba mtoto, sufuria au nguo mbichi. Kitabu chao cha kanuni kilisema jambo lilelile kwa maneno makavu: ngazi ya kutoka orofa moja hadi nyingine iwe na swichi chini na juu, taa iwashwe na izimwe kutoka pande zote mbili.

Odoyo alipozeeka na kurudi kwao, beseni lilibaki kwa Nyanchoka. Siku moja tu aliliacha nyumbani.

Ilikuwa nyumba ya kupangisha, hapo hapo Kebirigo, na mwenye nyumba alikuwa na haraka ya kuingiza watu. Swichi ya juu ilikuwa haijawekwa. Nyanchoka alijiambia atarudi wiki ijayo kuimalizia, akatia sahihi kwenye fomu ya kuthibitisha kwamba kazi ni salama. Kabla ya wiki hiyo kufika, mpangaji wa juu, mshonaji aliyeitwa Nyamusi, alishuka gizani na trei ya vyombo akakosa ngazi ya tatu. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika na kikaungana vibaya. Leo Nyamusi anauza ndizi sokoni, kwa sababu mkono ule haushiki mkasi. Kila siku ya soko humsalimu Nyanchoka kwa furaha na kumwongezea ndizi moja, maana hajui ni sahihi ya nani iliyomvunja. Nyanchoka huzipokea ndizi hizo, na hajawahi kuzila. Aibu hiyo anaijua yeye na Mungu wake, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemharakisha kalamu akafaulu.

Ndiyo sababu nyumba ya Kiogoro ilileta maneno.

Nyumba ilikuwa ya Mose, anayefanya kazi Doha, lakini aliyesimamia ujenzi ni baba yake, Mzee Zachariah Machogu. Mzee Machogu ni mzee wa kanisa, kanisa lile lile analosali Nyanchoka kila Sabato, na tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kanisa lilikuwa linainua jengo la orofa mbili la shule ya Sabato, na kamati ilikuwa imeshakubaliana kwa mdomo kwamba waya wote wa jengo hilo utakuwa kazi ya Nyanchoka. Hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Alikuwa ameshawaambia watu wa nyumbani kwake, na mama yake alikuwa ameshaitolea shukrani mbele ya washirika, kwa sauti, jambo ambalo lilimfanya Nyanchoka atake kujificha chini ya benchi.

Jumatatu alifika Kiogoro kufunga swichi na kupima waya, ili fomu itiwe sahihi na nyumba iwekwe wakfu Jumapili. Alipanda ngazi, akafika juu, akanyoosha mkono mahali alipokuwa ameacha boksi la swichi ya pili. Akagusa ukuta mtupu. Boksi lilikuwa limezibwa kwa plasta, likalainishwa vizuri na kupakwa rangi ya maziwa.

Aliyeamuru ni Mzee Machogu. Wala hakuficha. Alieleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kwamba taa moja yenye swichi mbili ni kama boma lenye wenyewe wawili, huyu anawasha, yule anazima, na mwisho ni ugomvi. Taa moja, mkubwa mmoja. Tena ngazi yenyewe, alisema, ina mwanga wake wa kutosha. Yeye ameipanda mara mia. Nyanchoka akamwambia ile plasta itabomolewa au fomu haitaona sahihi yake. Mzee akacheka na kusema wataongea akishatulia.

Siku hiyo, Nyanchoka alipokuwa akikunja waya zake jikoni, Marion alimjia. Marion ndiye mke wa Mose. Alikuwa ameshahamia na mtoto wao Sheila, wa miezi minane, maana chumba alichokuwa amepanga mjini kilikuwa kimetakiwa na mwenyewe. Aliinua sketi kidogo, akamwonyesha goti lililochubuka, bado bichi. Alisema ngazi ile imebanwa kati ya kuta mbili na haina dirisha, na wingu la saa tisa likitanda huoni hata mkono wako. Alikuwa ameteleza mara mbili. Nyanchoka akamwuliza kwa nini hajamwambia mzee.

Marion alimtazama tu, kwa sababu swali lenyewe halikuwa na akili. Kwa Wakisii kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mtu na wakwe zake. Mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe kumweleza habari za magoti na mapaja yake, wala za jinsi anavyotoka kitandani kwake na kushuka. Na baba mkwe naye ana mipaka yake. Sebuleni kwa mwanawe, siku hizi ataingia, atakunywa chai. Lakini pale kilipo kitanda cha mwana na mkewe hapakanyagi, hata nyumba iwe inawaka moto.

Nyanchoka aliondoka akiwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya mzee peke yake. Alimkasirikia pia Marion kwa kunyamaza, halafu akakumbuka ni nani aliyenyamaza Kebirigo, akaigeuza hasira yote kwake mwenyewe.

Alhamisi alirudi. Jenereta ya kukodi ilikuwa imeshaletwa kwa ajili ya Jumapili, maana nyumba ilikuwa bado haijaungwa stima, akaiunganisha asubuhi ili apime kila chumba. Kila kitu kiliwaka kama kilivyotakiwa. Kufika saa nane na nusu, Mzee Machogu akaja amevaa koti, fomu mkononi, kalamu tayari. Akaketi sebuleni na kuiweka fomu mezani. Hakupiga kelele. Alizungumza habari za Jumapili, za mchungaji atakayetoka mbali, za wageni waliokwisha kualikwa. Kisha akahamia kwenye jengo la kanisa. Akasema kamati inakutana wiki ijayo, na kamati hupenda fundi anayesikilizana na watu, kwa hiyo yeye kama mwenyekiti hangependa kwenda kueleza kwamba fundi wao ameizuia nyumba kuwekwa wakfu kwa sababu ya kishimo kimoja ukutani. Mose alikuwa amepigiwa simu na akasema mzee asikilizwe.

Hapo Nyanchoka alielewa bei. Jengo la kanisa upande huu, boksi moja la swichi upande ule. Kazi ile aliitaka, aliitaka sana, na mtu akisema fundi wa kweli hajali kazi kubwa huyo hajawahi kulisha mtu. Akaitazama kalamu. Akaona mkono wa Nyamusi ukichagua ndizi.

"Mzee," akasema, "hii ngazi umeipanda mara mia. Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Mzee Machogu akafikiri. Akasema ilikuwa wakati wa slabu, ile sakafu ya zege ya juu, walipokuwa wakimwagia saruji maji. Alipanda kila siku, asubuhi na jioni, na mwanga ulikuwa tele.

"Na mabati yalikuwa yameshawekwa?"

Mzee akainua macho kwenye dari. Mabati yalikuwa hayajawekwa. Wakati ule ngazi ilikuwa wazi juu, jua likimwagika mpaka chini, na ukuta wa pili ulikuwa haujamaliza kupanda. Mwanga aliokuwa akiutetea wiki nzima ulikuwa mwanga wa nyumba isiyo na paa. Kisha paa likaja, ukuta ukaja, kitanda cha Marion kikapandishwa, na tangu siku hiyo Mzee Machogu hajaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Nyanchoka akamwomba apande sasa ajionee. Mzee akasimama, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ikapanda. Akamwuliza kama ana akili timamu. Akamkumbusha kwamba na yeye Nyanchoka ni Mkisii, tena amezaliwa katika boma la watu, na anajua vizuri ni nini kilicho huko juu. Jambo hilo alilotaka mzee wa kanisa afanye halijafanywa na baba yake wala babu yake. Basi na liishe, akasema. Atie sahihi au aache, kuna mafundi wengine Kisii.

Na hapa lazima niseme ukweli. Mzee alikuwa na haki. Hakuna kanuni ya stima inayoweza kumpandisha mtu mahali ambapo heshima yake inamkataza. Nyanchoka alikuwa ameanza kuufunga mkoba wake pale Marion alipotokea kwenye mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, macho chini. Hakumtazama baba mkwe. Alizungumza na Nyanchoka, kwa sauti ndogo iliyosikika chumba kizima, akimwita mzee tata, yaani baba, kama Wakisii wasemavyo.

"Fundi, naomba umwambie tata atoke nje kidogo, aangalie migomba."

Mzee Machogu alisita, lakini ombi lilikuwa la adabu, na mtu hulikataaje? Akatoka. Akaenda hadi kwenye migomba, akasimama amegeuzia nyumba mgongo, mikono nyuma, akiangalia mikungu ambayo alikuwa ameiangalia asubuhi hiyo hiyo.

Marion akamlaza Sheila kwenye kochi, akazungushia mito, akapanda juu. Godoro ndilo lililoshuka kwanza, likiteleza lenyewe mpaka sakafuni. Nyanchoka akaelewa, akakimbia juu. Walikifungua kitanda kwa bisibisi, wakashusha mbao za kichwa, za miguu, na chaga zote, ngazi kwa ngazi, Marion akitangulia kinyumenyume. Shuka, mito, kanga iliyokuwa ikining'inia mlangoni, hata viatu vya Mose vilivyobaki likizo iliyopita. Vyote wakavipitishia mlango wa jikoni na kuvifungia stoo. Waliporudi walikuwa wanatokwa na jasho, na Marion alikuwa na uso ambao Nyanchoka hajauona kwake tangu wajuane. Wingu la saa tisa lilikuwa limeshatanda, na matone makubwa ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati.

Nyanchoka alikwenda mlangoni.

"Tata, karibu ndani, utanyeshewa. Kitanda kimeshuka. Huko juu sasa ni slabu tu, kama ulivyoiacha."

Mzee alirudi polepole. Aliiona sebule haina kitanda, kwa maana kilikuwa kimefichwa asikione, kama inavyotakiwa. Aliuona mlango wa stoo umefungwa. Hakukuwa tena na mahali pa kujificha, na yeye si mtu mjinga. Akavua koti.

Beseni la buluu likaletwa. Nyanchoka alitaka kutia maji, lakini Marion alitangulia. Alikwenda kwenye kabati na kutoa vikombe vya kanisa, vya udongo vyenye maua, vilivyoazimwa kwa akina mama kwa ajili ya Jumapili. Akavipanga ndani ya beseni vyote thelathini na sita. Mzee alivitazama kwa uchungu, kwa sababu anawajua akina mama wa kanisa hilo.

Nyanchoka akawasha taa ya ngazi. Mzee akalipokea beseni kwa mikono miwili, akapanda vizuri, vikombe vikilialia kidogo, akafika juu na kusimama kwenye saruji ambayo alikuwa ameimwagia maji kwa mikono yake mwenyewe. Chini, Nyanchoka akamwambia kwamba sasa amefika chumbani, azime taa. Mzee akajibu kwamba swichi iko huko chini, azime yeye. Nyanchoka akasema yeye hayupo, amekwenda zake Kebirigo. Basi iwake mpaka asubuhi? Mzee Machogu ni mtu anayezima balbu ya choo wakati mwenzake bado yuko ndani. Hakuweza kuvumilia.

"Haya, izime," akasema.

Nyanchoka akaizima. Giza lililoshuka pale lilimshtua hata Nyanchoka aliyelitarajia. Mvua ilikuwa imeshika kasi juu ya mabati, na kutoka juu palisikika vikombe tu, vikigongana polepole, kisha kwa haraka zaidi. Nyanchoka akapaza sauti ili asikike, akamwambia mvua imeanza, nguo ziko kwenye kamba, ashuke. Mzee akamwambia awashe. Nyanchoka, kidole kikiwa juu ya swichi, akihofu kwamba mtu wa miaka sabini ataanguka mikononi mwake, hakuwasha.

"Kaa chini, tata," akasema. "Usisimame. Shuka ukiwa umekaa. Marion hushuka hivyo, na Sheila mapajani."

Vikombe vikanyamaza. Mvua tu ndiyo iliyoendelea. Marion, pale mlangoni mwa jikoni, alikuwa amegeuza uso ukutani kwa aibu, na hakukana.

Kisha wakamsikia akikaa. Alishuka ngazi kumi na nne kwa makalio yake, mzee wa kanisa, suruali yake ya kitambaa ikisugua saruji, beseni mapajani limekumbatiwa kwa mikono yote miwili. Kila ngazi alipumzika. Ilichukua muda mrefu kuliko wimbo wa kufungia ibada. Nyanchoka aliwasha taa alipoiona miguu yake kwenye ngazi ya mwisho. Hakuna kikombe hata kimoja kilichopasuka, lakini uso wa Mzee Machogu ulikuwa umelowa jasho. Hakuinuka mara moja. Aliangalia kochi, mtoto alipolala kati ya mito, akaangalia beseni alilolishika.

"Bomoa," akasema.

Nyanchoka alichukua patasi na nyundo, akapanda. Plasta ilikuwa nzuri, kazi ya fundi hodari, na aliivunja bila huruma. Waya zilikuwa pale pale alipoziacha, zimekunjwa, zikisubiri. Alizisafisha, akafunga swichi ya pili, akamwita Marion ajaribu. Marion akapanda na Sheila mkononi, akabonyeza kwa kiwiko. Ikazimika. Akabonyeza tena, ikawaka. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyemwambia aache.

Nyanchoka alipokuwa akitia sahihi mezani, Mzee Machogu alikuwa ameshavaa koti na kuupata ubaridi wake wa uenyekiti. Alisema nyumba hii imekuwa sawa na anashukuru. Lakini kamati, alisema, haiwezi kumpa jengo la kanisa mtu anayewavua wazee heshima mbele ya wake za watoto wao. Kazi ile asiingoje.

Iliuma. Nyanchoka aliwaza mama yake na zile shukrani alizozitoa kwa sauti. Alifunga kalamu ya mzee kwa kifuniko chake, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Sawa, tata. Mpeni mnayemtaka. Lakini mimi ni mshirika wa kanisa hilo, na jengo lina ngazi, na huko juu hakuna kitanda cha mtu. Siku ya kulifungua nitakuja na beseni. Mwenyekiti ndiye atakayelibeba."

Akalichukua beseni alilokuwa amezolea plasta, akamwaga vumbi mlangoni, akalifunga beseni nyuma ya pikipiki, akaondoka mvuani.